Nyumba za Gusii na Hatimiliki ya Babu

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na wengine 605,576 katika jirani yake Nyamira. Kwa Kisii, hao ni watu 957 katika kila kilomita ya mraba, yaani karibu watu wanne kwa kila ekari. Hesabu hiyo haijaondoa barabara, shule, mito wala miteremko mikali. Kwa kuwa kaya ya Kisii ina watu wanne hivi kwa wastani, familia moja ina kama ekari moja ya kulala, kulima, kuzikia wafu wake na kuwagawia wana.

Mazungumzo yote kuhusu bei ya nyumba Gusii, yaani kaunti hizo mbili, yangepaswa kuanzia hapo. Serikali Kuu hurudia takwimu zake kwamba nchi ina upungufu wa nyumba milioni 2, kwamba mahitaji mapya ni 250,000 kila mwaka na zinazojengwa ni kama 50,000. Huenda picha hiyo inaieleza Nairobi vizuri. Lakini Kisii na Nyamira hazina uhaba wa kuta. Vilima vyote vimejaa mabati yanayong'aa. Kilichoadimika ni ardhi yenye hati safi, maji ya bomba na mfereji wa maji taka.

Zamani mpango wa makazi ulieleweka na kila mtu. Kijana aliyetahiriwa aliondoka nyumbani kwa mama akalala kwenye esaiga. Alipooa, baba alimwonyesha pa kujenga. Kila mke alikuwa na enyomba yake na sehemu yake ya shamba, na wanawe ndio walioigawana sehemu hiyo. Mpango huo ulifaa ardhi ilipokuwa tele. Leo baba mwenye ekari moja na wana wanne huwakatia kila mmoja robo, kisha kila robo hupata nyumba, jiko, choo na njia ya kupita. Michai na migomba hung'olewa kupisha msingi, na palipochimbwa msingi hapalimwi tena. Mabinti, ambao Katiba ya 2010 imewapa haki sawa ya kurithi, mara nyingi hawaitwi kabisa siku ya kugawa.

Tofauti iko Borabu, upande wa Nyamira, ambako mashamba ya walowezi wa Kizungu yaligawiwa wananchi wakati wa uhuru kwa vipande vikubwa zaidi. Huko nako wajukuu wamekwisha kukua, na kamba ya kupimia inavutwa upya.

Mila ya kila mwana kujenga kwao ina gharama nyingine isiyoandikwa katika ripoti yoyote ya makazi. Nesi anayefanya kazi mjini Kisii hupanga chumba katika mtaa wa Mwembe au Jogoo, na wakati huohuo anajenga nyumbani, kwa sababu mtu asiye na nyumba kwao hana heshima akiwa hai wala mahali pa kulazwa akifa. Analipia nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Ile ya kijijini hufunguliwa Desemba na wakati wa matanga. Wakisii walio ng'ambo hufanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi, na jumuiya yao ya Minnesota nchini Marekani ni mfano unaojulikana. Mwaka 2024 Wakenya wa ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, zaidi ya nusu yake kutoka Marekani, na sehemu ya fedha hizo inaonekana katika majumba ya ghorofa yaliyosimama katikati ya mashamba ya mahindi.

Hakuna haki ya kuwalaumu. Ila kiuchumi nyumba hizo ni mali iliyofungwa. Hazipangishiki, kwani hakuna mpangaji kijijini. Haziuziki, kwani makaburi ya ukoo yako uani. Benki nayo haizipokei kama dhamana, kwa kuwa hati ya ardhi ina jina la babu.

Suala hili la hati ndilo kiini cha jambo zima. Sehemu kubwa ya ardhi ya Gusii ilipimwa na kusajiliwa baada ya mpango wa kikoloni wa Swynnerton wa 1954, na wenye majina kwenye hati nyingi wamekwisha kufariki. Kuihamisha ardhi hiyo kwa warithi kunahitaji kesi ya mirathi mahakamani, idhini ya bodi ya ardhi, mpimaji na ada kila hatua. Familia nyingi huona ni nafuu wazee wapande mimea ya mpaka na maisha yaendelee. Matokeo yake, kaka wanne wanajenga nyumba nne za kudumu juu ya ardhi ambayo kisheria si ya yeyote kati yao.

Bila hati hakuna mkopo wa nyumba. Kenya nzima, yenye watu zaidi ya milioni 50, ina akaunti za mikopo ya aina hiyo zipatazo 30,000 tu. Wengine wote hujenga kwa chama, sako na bonasi ya chai, chumba kimoja mwaka huu na paa mwaka ujao.

Mjini hali ni nyingine. Tangu 2013 Kisii imepata serikali ya kaunti na chuo kikuu chenye hati kamili, juu ya hospitali ya rufaa iliyokuwapo. Wapangaji waliongezeka haraka. Mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 alifanya hesabu yake akajenga bedsita za wanafunzi, maana vyumba vidogo kumi vinaleta kodi kubwa kuliko nyumba tatu za familia kwenye eneo lilelile. Tena anajenga kwa akiba yake, na anachimba kisima na shimo la maji taka kwa gharama zake mwenyewe, kwa kuwa mabomba ya umma hayajafika mitaa mingi. Gharama hiyo yote humwangukia mpangaji. Uchafu unaobaki humwangukia mto Nyakomisaro.

Katika hali hiyo ndipo ilipoingia tozo ya nyumba. Ilianza kwa Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha Katiba Novemba mwaka huo, kisha ikarudi kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Mwalimu wa Keroka anayepata shilingi 40,000 hutoa 600 kila mwezi, na mwajiri wake 600. Sheria inataja pia nyumba za vijijini na mikopo nafuu ya kuzijengea.

Mikopo hiyo ni jambo jema lenye hatari. Ikitolewa kwa kila mwana aliyekatiwa robo ekari, itaharakisha kumalizika kwa shamba. Ingefaa itolewe kwanza kwa ndugu wanaokubali kujenga pamoja, jengo moja la ghorofa badala ya nyumba nne, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020 tayari inaruhusu kila mmoja awe na hati ya orofa yake. Ni vigumu, bila shaka, mahali ambapo kila mwanamume alilelewa akitarajia lango lake. Rwanda, nchi nyingine ya vilima vilivyojaa watu, iliwakusanya wanavijiji katika vijiji vya pamoja viitwavyo imidugudu, na kwa kuwa serikali ndiyo iliyosukuma, malalamiko hayakukosekana. Gusii ina nafasi ya kufika huko kwa hiari, ikiwa miji midogo ya Suneka, Ogembo, Keroka, Kebirigo na Nyansiongo itapata maji, mifereji na barabara kabla ya kupata maghorofa.

Kaunti hizi mbili zidai sehemu ya tozo itumike kwenye mabomba hayo, na kwenye kliniki za mirathi zinazozunguka kata kwa kata bila ada. Familia nazo zisisubiri kaunti. Kabla ya kijana kuchimba msingi, wazee wakae pamoja na mabinti, wapate cheti cha kifo cha babu, na wafungue kesi ya mirathi.