MAHALI PA KUPIGA VIGINGI: MKONDO WA MAJI KATIKA SHAMBA LA MWANI

Katika vyama vya wakulima wa mwani, daftari la mizani huonyesha jambo ambalo kamati nyingi hulipa jibu lisilo la haki. Wanachama wawili hukopeshwa kamba sawa, hupewa mbegu ya fungu moja, na hupanda katika bamvu moja. Baada ya majuma sita mmoja hubeba magunia hadi kwenye uanio, na mwenzake hurudi na vipande vyeupe vilivyokatikakatika. Hapo husemwa kwamba yule wa pili ni mvivu, hashuki pwani kwa wakati, hatoi magugu. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa halimo mikononi mwake. Limo katika maji aliyogawiwa. Na kwa kuwa deni la kamba liko pale pale, mwanachama huyo, ambaye aghalabu ni mwanamke mwenye watoto wa kulisha, huanza msimu wa pili akiwa nyuma kuliko alipoanza wa kwanza.

Kilimo cha mwani kwa ajili ya kuuza kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa amekwisha fanya utafiti wa miaka mingi juu ya mwani wa pwani yetu. Aina zilizoletwa ni mbili: spinosamu, iliyo ngumu na yenye bei ndogo, na kotonii, iliyo laini na yenye bei kubwa zaidi. Zote huuzwa kwa sababu ya karajinani, utomvu unaotumika viwandani kugandisha na kuzitia uzito bidhaa kama maziwa na dawa ya meno. Njia iliyofundishwa tangu mwanzo ni ile ijulikanayo na kila mtu: vigingi viwili, kamba kati yake, na vipande vya mbegu vilivyofungwa kwa taitai. Njia hiyo ni rahisi na haihitaji mtaji mkubwa. Upungufu wake ni kwamba humfanya mkulima achague mahali kwa kutazama mchanga, yaani mahali panapopigika kigingi na panapofikika kwa miguu, badala ya kutazama maji.

Yafaa basi ielezwe kwa nini maji yaendayo ni chakula cha mwani. Mwani hauna mizizi ya kunyonya ardhini. Kila unachokula hupitia ngozini mwake kutoka katika maji yanayougusa. Maji yakitulia, utando mwembamba wa maji yasiyosogea hubaki umeuzunguka mmea kama shuka. Mmea hula kilichomo ndani ya utando huo, kisha hungoja. Mkondo ukipita, utando huo hupunguzwa unene, na maji mapya yenye chakula hufika karibu. Kadhalika mkondo huondoa joto, husafisha vumbi la mchanga linaloziba mwanga, na huwapa taabu magugu ya baharini ambayo hupenda kujishika mahali palipo shwari. Shamba lililofunikwa na nyuzi za magugu, na lenye tope jepesi juu ya kila tawi, limekwisha toa taarifa yake lenyewe: maji hapo yamelala.

Watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga matumbawe katika matangi ya vioo huhangaika na swali hili hili. Hutia ndani ya tangi pampu ndogo za kusukuma maji, kisha huzisogeza huku na huku hata mkondo ufike kila pembe, pasiwe na tumbawe linalopigwa kwa nguvu na jingine linalofunikwa na taka nyuma ya jiwe. Wengine huweka pampu mbili zikapokezana, ili maji yaende na kurudi kama baharini. Wao wanaweza kugeuza pampu. Mkulima wa mwani hawezi kuigeuza bahari. Hana budi kugeuza kamba zake.

Ule ugonjwa wa matawi kuwa meupe na kukatika huanza pale mmea unapodhoofika kwa joto, kwa maji ya mvua yaliyopunguza chumvi, au kwa maji yasiyokwenda. Ndipo vijidudu vidogo hupata njia. Kotonii hustahimili vibaya zaidi kuliko spinosamu, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 imeshindikana katika mashamba mengi ya maji haba ya Unguja. Wakati wa bamvu maji hupwa sana kati ya saa 4 na saa 6 asubuhi, jua likiwa limekwisha panda, na katika miezi ya kaskazi madimbwi ya ndani ya mwamba hupata joto la nyuzi 33 na zaidi. Dimbwi ambalo lina mlango wa kutokea maji hupoa mara maji yanapoanza kujaa. Dimbwi lililozibwa na kichanga hubaki kama sufuria.

Haifuati kwamba mkondo mkali zaidi ndio bora zaidi. Karibu na mlango wa mwamba, ambako maji hutoka kwa kishindo, mwani hukua upesi kwa majuma matatu, kisha uzito wake wenyewe huuangusha. Taitai hukata matawi, vigingi hulegea, na wakati wa kusi mawimbi humaliza kazi. Wakulima wa kando ya milango hiyo huvuna vizuri sana au hawavuni kitu.

Jinsi ya kuyajua maji ni rahisi, na haihitaji chombo cha kununua. Pimwa kamba ya mita 10, inyoshwe kufuata maji yanakokwenda, kisha litupwe chungwa mwanzoni mwake na zihesabiwe sekunde hadi lifike mwisho. Chungwa linafaa kuliko kifuu au kipande cha ubao, kwa sababu sehemu yake kubwa huzama, na upepo haulisukumi sana. Likienda mita 10 kwa sekunde 20, mkondo ni mita 30 kwa dakika. Miongozo ya kilimo hiki hupendelea kiasi cha mita 20 hadi 40 kwa dakika. Chungwa linalochukua dakika nzima linasema mahali hapo pana kasoro, na lile linalomkimbia mhesabuji linasema vivyo hivyo. Lakini kupima mara moja ni kujidanganya. Maji huenda kasi katika saa za katikati, yaani saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa au kupwa, na hulegea miishoni. Ipimwe basi katika saa hizo za katikati, yakijaa na yakipwa, na ipimwe tena wakati wa maji mafu, kwani sehemu nyingi zinazopendeza wakati wa bamvu husimama kabisa siku zile.

Iko njia nyingine, ambayo Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliieleza mwaka 1971, na ambayo chama kinaweza kuifanya kwa gharama ya mfuko mmoja wa plasta ya jasi. Plasta hukorogwa mara moja, humiminwa katika vikombe vya ukubwa mmoja, hukaushwa vizuri, na kila donge hupimwa uzito. Madonge hayo hufungwa kwenye kamba za sehemu mbalimbali za shamba kwa usiku na mchana mmoja, kisha hukaushwa na kupimwa tena. Donge lililoyeyuka zaidi lilipitiwa na maji zaidi. Uzuri wake ni kwamba hupima siku nzima, pamoja na mawimbi ambayo chungwa haliyahesabu. Sharti ni moja: madonge yote yawe ya mkorogo mmoja na yawekwe siku moja, la sivyo hayalinganishiki.

Baada ya kuyajua maji, ndipo kamba ziwekwe. Kamba zilizolala sambamba na mkondo huacha vichochoro, na maji hupita hadi safu ya mwisho. Kamba zilizokingama njia ya maji hupokea nguvu yote, hukusanya majani na takataka, na kila safu humnyima jirani yake wa nyuma. Hapa ndipo ugomvi mwingi wa pwani ulipo, ingawa hauitwi kwa jina hilo: mwanachama mmoja akikingama karibu na mlango, wenzake watatu nyuma yake hupungukiwa bila kujua ni kwa nini. Kamba nazo zisigande mchangani. Ziinuliwe kiasi cha sentimita 20 au 30, na maji ya bamvu yakipwa yabaki yameufunika mwani. Msongamano vile vile huua mkondo. Shamba lililokuwa zuri likiwa na kamba 30 laweza kuwa bovu likitiwa 60 mahali pale pale, na hakuna mbolea ya kulirudishia.

Mahali ambapo maji haba hayafai tena, vikundi vingine vimehamia kwenye maji ya kina na kufunga kamba za kuelea kwa nanga na maboya. Joto huko ni dogo na maji hayakomi kupita, hata kotonii hupona. Lakini huhitajiwa chombo na nanga nzuri, na mtu ajuaye kuogelea, jambo ambalo wanawake wengi hawakufundishwa utotoni. Chama kinachokopesha kamba za kuelea bila kufikiria chombo na mafunzo ya kuogelea hakijakopesha kitu cha kutumika.

Yabaki ya ofisini. Katibu anayeandika jina na kilo peke yake hawezi kugundua lolote kati ya haya. Aongeze safu mbili: sehemu ya shamba na idadi ya kamba. Chukua mfano wa wanachama wawili walioleta kilo 80 kavu kila mmoja. Daftari la kawaida huwaona sawa. Lakini ikiwa mmoja alikuwa na kamba 40 na mwingine 80, wa kwanza alipata kilo 2 kwa kamba na wa pili kilo 1. Na ikiwa wote wa upande wa pili wanapata kilo 1, hakuna haja ya kuitana wavivu. Uzito uandikwe wa mwani mkavu, kwani huhitajiwa kilo 7 hadi 10 za mbichi kupata kilo moja kavu, na mwani uliokauka nusu huharibu hesabu yote.

Misimu miwili ya daftari kama hilo yatosha kuchorea ramani ya maji ya kijiji, hata kwa kalamu juu ya karatasi ya kawaida. Ramani hiyo ibandikwe ukutani kabla ya mkutano wa kugawa sehemu. Vyama vingine huona vema sehemu za mkondo mzuri zipokezanwe kila mwaka, vingine hupunguza deni la waliogawiwa maji yaliyolala. Uamuzi ni wa mkutano mkuu, ambako mwenye sehemu ya nyuma ana kura moja sawa na mwenye sehemu ya mlangoni. Sehemu ambayo chungwa limesimama na donge halikuyeyuka isigawiwe mtu yeyote. Iachwe kwa tasi na majani ya bahari.