Tayarisha Miguu Kabla ya Kupanda Mlima

Mwezi Oktoba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, kwenda kwenye mkutano wa TANU. Ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Wakati ule wananchi wengi walitembea ili kuunga mkono Azimio la Arusha. Lakini mwaka huo huo kijana Seth Benjamin alifariki njiani, akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Safari ndefu ya miguu si mchezo. Inataka matayarisho.

Sisi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega tumezoea kutembea. Tunakwenda shamba, kisimani na mnadani. Lakini sehemu kubwa ya njia zetu ni tambarare. Mlima ni kazi nyingine. Ukipanda, moyo na mapafu hufanya kazi zaidi. Ukishuka, uzito wa mwili wote husukuma vidole mbele ya kiatu, na mapaja na magoti hubeba mzigo. Ndiyo maana watu wengi huumia wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda.

Kiatu gani kinafaa?

Ndala hazifai mlimani. Hazishiki kisigino, na mguu huteleza. Yebo yebo za plastiki hutoa jasho jingi na kuchubua ngozi. Mabuti ya mpira ni mazuri kwenye jaruba la mpunga, lakini mlimani hupata joto na kusugua miguu.

Katambuga zina sifa yake. Soli ya tairi ni ngumu, na mwiba haupenyi upesi. Lakini vidole viko wazi, na mikanda husugua. Tairi lililokwisha meno huteleza juu ya jiwe lenye maji.

Kiatu bora ni cha kufunga kwa kamba, chenye soli nene yenye meno. Kikifunika kifundo cha mguu ni vizuri zaidi. Si lazima kiwe kipya. Hata mnadani kwenye mitumba utakipata, ukichagua kwa makini:

1. Nunua jioni. Baada ya kazi ya mchana miguu huvimba kidogo, na mlimani huvimba hivyo hivyo.
2. Vaa viatu vyote viwili pamoja na soksi. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.
3. Tembea. Kisigino kisipande na kushuka ndani ya kiatu.
4. Simama mahali penye mteremko. Vidole vikigonga mbele, kiache.
5. Kunja soli. Ikiwa imeachana au imepasuka, itakuacha njiani.
6. Ingiza mkono ndani. Tafuta msumari au mshono unaochoma.

Anza mwezi mmoja kabla

Usivae kiatu kigeni kwa mara ya kwanza siku ya safari. Kivae kwanza nyumbani, kisha shambani na sokoni, kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Hapo kiatu kitazoea mguu, na mguu utazoea kiatu.

Miguu nayo ifanye mazoezi. Tafuta kilima cha mawe kilicho karibu na kijiji chako. Wiki ya kwanza panda na kushuka mara moja, siku tatu katika wiki. Kila wiki ongeza kidogo. Wiki ya tatu beba mzigo utakaobeba safarini. Wiki ya mwisho punguza, ili mwili upumzike. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha, pumu au kisukari amwone mganga wa zahanati kwanza.

Siku ya safari

Kata kucha siku mbili kabla, na uzikate kwa mstari ulionyooka bila kuchimba pembeni. Vaa soksi safi na kavu, na beba nyingine. Chukua maji yaliyochemshwa. Chukua chakula chepesi chenye nguvu, kama matobolwa na karanga. Wakati wa kushuka kaza kamba za kiatu na piga hatua fupi.

Ukisikia mahali panaanza kuwaka moto mguuni, simama hapo hapo. Usione aibu kwa wenzako. Vua kiatu, ondoa mchanga, kausha mguu, na funika mahali hapo kwa plasta au kitambaa safi. Kama lengelenge limekwisha toka, usilipasue. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, kisha funika. Usipake majivu wala mavi ya ng'ombe.

Kwa nini? Kwa sababu vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Huingia kwa kidonda, hata kidogo cha mwiba. Pepopunda huua. Chanjo ipo. Uliza zahanati kama chanjo zako zimekamilika.

Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi. Huenda asisikie maumivu, na kidonda kikakua mpaka mguu ukakatwa. Atazame nyayo zake kila jioni, au amwombe mtoto amtazamie.

Mlima mrefu sana

Vijana wengine huenda Kilimanjaro kufanya kazi ya upagazi. Kilele chake kina mita 5,895. Huko juu kuna baridi kali, na hewa ni nyepesi. Mtu akiumwa kichwa, akatapika, akapepesuka au akashindwa kupumua vizuri, asiendelee kupanda. Ashushwe mara moja, hata kama ni usiku, wala asiachwe peke yake. Viatu vizuri havizuii ugonjwa huu.

Ndugu msomaji, kiatu huchaguliwa kabla ya safari, na mguu hutayarishwa kabla ya safari. Mlimani hakuna duka.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini kiatu kinunuliwe jioni?
2. Katambuga zina faida gani na hasara gani mlimani?
3. Katika kijiji chenu watu hupaka nini kwenye kidonda cha mguu? Je, ni salama?
4. Ni nani kati yenu amekamilisha chanjo ya pepopunda?