Sarafu Ndani ya Soksi

Jamani, wanaume wana mambo! Siku hiyo nilikuwa napanga nguo hapa kwetu Houston, nikakuta risiti imefichwa ndani ya soksi za mume wangu. Moyo ukanilipuka: tayari, nina mke mwenza. Kumbe mke mwenza mwenyewe ni sarafu mbili, dola za zamani za fedha za Kimarekani, zilizonunuliwa kwa pesa ya tiketi zetu za kwenda Tanga kuwasalimia wazee.

Kilichonichoma zaidi, moja ilikuwa na ufa usoni. "Umetoa hela yote hiyo kwa kitu kibovu?" Akavuta kiti, akanipa kioo kinachokuza mara 10. "Mke wangu, utagomba baadaye. Kwanza angalia."

Dola hizo huitwa Morgan, kwa jina la mchongaji wake, George T. Morgan. Ziligongwa 1878 hadi 1904, kisha tena 1921, zikiwa na fedha asilimia 90. Muhuri wa chuma uliozigonga ulibanwa mara nyingi mno, mwisho ukapasuka, na fedha ikajaa kwenye ule ufa. Ndiyo maana ufa wa muhuri huonekana kwenye sarafu kama mstari mwembamba ulioinuka. Mkwaruzo wa kawaida umezama. Inamisha sarafu chini ya taa, utaona tofauti.

Kadiri muhuri ulivyoendelea kutumika, ndivyo ufa ulivyokua. Kuna dola za 1888 za New Orleans, zenye herufi O upande wa nyuma chini ya shada, ambazo ufa umemkata usoni mwanamama wa kwenye sarafu. Wakusanyaji huziita Scarface, yaani uso wenye kovu, na huzigombania. Ukipata ya 1878, hesabu manyoya ya mkia wa tai: za kwanza yalikuwa 8, baadaye yakawa 7, na nyingine zina 7 huku ncha za yale ya zamani zikichungulia chini yake.

Nikajikuta nimenogewa! Nikainuka kuchukua dawa ya meno niing'arishe ile nyeusinyeusi. Weee, alivyoruka! Ukisugua sarafu ya zamani unaishusha thamani. Ishike kwenye kingo tu, basi.

Lakini sikumwachia hivihivi. Nikamwambia, "Mimi sarafu hainiudhi. Kinachoniudhi ni soksi." Akanyamaza, kisha akaomba radhi. Aliuza moja, akarudishiwa pungufu ya alichotoa, ile yenye ufa ikabaki. Sasa kila mmoja ana fungu lake dogo la mwezi, atumie apendavyo bila kuulizwa. Likizidi hapo, tunakaa mezani kwanza.

Wewe je, mwenzako ana hobi ipi? Kabla hujanuna, mwombe akuonyeshe. Juzi tulikwenda pamoja kwenye maonyesho ya sarafu. Kioo nilibeba mimi, na risiti iko kwenye pochi yangu.