Mfuko Mdogo wa Viungo kwa Safari ya Ruma

Watu wanaokwenda kulala hemani katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma hupanga kila kitu kwa makini isipokuwa viungo vya chakula. Hema limekaguliwa, tochi ina betri mpya, maji yamehesabiwa kwa lita. Kisha, gari likiwa tayari linanguruma, mtu anakimbilia jikoni na kuzoa vichupa vyote vilivyo kwenye rafu. Ndiyo maana kambi nyingi huwa na masala ya aina nne na chumvi isiyofika mlo wa pili.

Mimi nina kanuni moja, nayo naishikilia: kiungo kisichofanya kazi mbili kibaki nyumbani. Kama kinafaa pilau tu, au chai tu, hakina nafasi. Ukivichuja viungo kwa kanuni hiyo unabaki na chumvi na vingine vitano: ukwaju, tangawizi, bizari nyembamba, pilipili manga na pilipili kichaa iliyokauka. Watu wanne watakula vizuri siku tatu, na vyote vitaenea ndani ya sufuria ndogo.

Lakini huwezi kuchagua kiungo kabla ya kujua utakipikia nini. Ruma ina ukubwa wa kilomita 120 za mraba katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966 na kupandishwa hadhi kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1983, na ndiyo makao pekee yaliyobaki nchini Kenya ya korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwa nyuma. Ukishaingia langoni hakuna soko. Nje ya lango, hata hivyo, ni eneo la shibe. Kwenye bichi za Mbita na Sindo, na ukishuka kuelekea Migori, kwenye bichi ya Sori huko Karungu, kuna ngege na mbuta waliovuliwa usiku uleule. Omena wakavu hupimwa kwa gorogoro. Kabondo kuna viazi vitamu, Ndhiwa kuna njugu na sukari guru, na kando ya barabara kuna mama mboga wenye osuga na dek iliyochumwa asubuhi. Kwa hiyo hakuna haja ya kubeba chakula kutoka Nairobi. Kinachobebwa ni kile kitakachokitendea haki chakula cha hapa.

Wenye ujuzi halisi wa kupika kambini katika kaunti hizi mbili, Homa Bay na Migori, ni wavuvi, wala si watalii. Wanaovua kutoka visiwa vya Remba na Ringiti, au kutoka Migingo kwenye mpaka wa maji wa Kenya na Uganda, hukaa mbali na familia zao kwa majuma. Jiko lao ni dogo, mafuta ni ya kupimwa, na kila kitu huja kwa boti. Chungu chao huwa na samaki, nyanya, kitunguu na chumvi, na wakati mwingine pilipili. Hakuna anayelalamika, kwa sababu samaki aliyetoka majini saa mbili zilizopita ana ladha yake mwenyewe. Hilo nalichukulia kwa uzito: mfuko wa viungo uanzie pale walipofikia wavuvi, kisha uongezwe kwa sababu, si kwa mazoea.

Chumvi kwanza, maana ndiyo inayokosewa vipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Watu wanne kwa siku tatu ni gramu 60, yaani vijiko kumi na viwili vya chai. Ongeza kiasi kingine kama hicho kwa kazi ya pili ya chumvi, ambayo ni kumlinda samaki aliyenunuliwa asubuhi na kusubiri moto wa jioni. Akishatolewa matumbo na magamba, apakwe chumvi nje na ndani, kisha afunikwe mahali penye kivuli. Akae hivyo kwa saa chache tu, na jioni asuuzwe kabla ya kupikwa. Asiachwe hadi kesho yake.

Kiungo ninachokitetea kuliko vyote ni ukwaju. Samaki wa maji baridi, hasa ngege, wakati mwingine huwa na ladha ya udongo. Si uchafu, wala si ishara kwamba ameoza. Ni kemikali iitwayo jeosmini, inayotengenezwa na vijiumbe vya majini na kuingia katika minofu ya samaki, na ndiyo hiyohiyo inayotoa harufu ya ardhi mvua inapoanza kunyesha. Huvunjika inapokutana na kitu chenye asidi. Ndiyo sababu ndimu na samaki wameoana kila mahali ulimwenguni. Lakini ndimu kambini hugongwa, hukauka, huchacha. Ukwaju umekwisha kauka tayari. Bonge moja linalojaa kiganja hukaa miezi bila friji. Loweka kipande kwenye maji ya vuguvugu, kamua, chuja mbegu, chanja ngege ubavuni na kumpaka. Baada ya nusu saa yuko tayari kwa sufuria. Ukwaju unaobaki unatia uji ladha asubuhi, kama wafanyavyo Wakenya wengi, na sukari guru kidogo ikiuondolea ukali. Hizo ni kazi mbili za wazi. Tena mkwaju huota katika sehemu kavu za nchi hii ya ziwa. Waluo huuita chwa.

Kuna tahadhari moja kuhusu ukwaju ambayo wapishi wa kambi huijua kwa njaa. Usiutie kwenye maharagwe ambayo hayajaiva. Asidi hukaza ganda la maharagwe, na hali hiyo hiyo huletwa na nyanya zinazotiwa mapema. Isitoshe, Ruma iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 96 hivi badala ya 100. Maharagwe yatachukua muda na yatakula gesi. Afadhali yachemshwe nyumbani hadi yaive, na ukwaju uingie dakika kumi za mwisho.

Wenyeji wa hapa wana dawa iliyo kinyume cha ukwaju. Wanachoma maganda ya maharagwe au mabua yaliyokauka, wanachuja maji juu ya jivu, na maji hayo, yaitwayo kado, hulainisha mboga ngumu na kupunguza uchungu. Osuga na dek hupikwa kwa kado na maziwa, polepole, na kupashwa tena kesho yake mpaka ziwe na ladha nzito isiyotokana na kiungo chochote cha dukani. Namsihi anayepika mboga hizi kambini aweke mfuko wake wa viungo kando. Chumvi na maziwa, basi. Nimeona bizari ikimwagwa kwenye dek, na ni hasara ya dek na hasara ya bizari.

Tangawizi iende mbichi, kipande kizima kisichomenywa, kimefungwa kwenye karatasi badala ya plastiki ili kisitoe jasho. Itakaa juma zima bila shida. Ya unga ina ukali wa aina nyingine, kwa kuwa tangawizi inapokaushwa viini vyake hubadilika na kuwa vikali zaidi, na ule ubichi unaonukia hupotea. Mbichi ndiyo inayofaa omena. Osha omena kwa maji ya moto, wakaange mpaka waanze kukauka, tia kitunguu na tangawizi iliyopondwa, halafu nyanya. Harufu ile inayowakimbiza wasiozoea hupungua sana. (Atakayesafiri kati ya Aprili na Julai akumbuke kwamba uvuvi wa omena nchini Kenya hufungwa miezi hiyo ili wazaane, kwa hiyo anunue wakavu wa akiba.) Asubuhi, tangawizi ileile inaingia kwenye chai.

Bizari nyembamba na pilipili manga ni wageni katika kaunti hizi, na ugeni wao una historia. Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani Desemba 1901, meli zikaanza kusambaza bidhaa hadi ghuba za Kendu, Homa na Karungu. Wafanyabiashara kutoka Bara Hindi walifuata njia hiyo. Mashuhuri kati yao alikuwa Allidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo akiwa kijana na kueneza maduka yake hadi Kisumu na Uganda kabla ya kufariki mwaka 1916. Waislamu waliotulia Kendu Bay nao walileta mapishi ya pilau. Kwa hiyo anayenunua bizari leo katika duka la Homa Bay au Migori ananunua kitu ambacho kimekuwa kikiuzwa ukanda huu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Vinunuliwe vikiwa punje nzima. Mafuta yanayobeba harufu yamefungiwa ndani ya punje. Ukisaga, yanaanza kutoroka siku hiyohiyo. Punje pia haziwezi kuchanganywa na unga wa kitu kingine bila mnunuzi kuona. Kambini, kaanga bizari kwenye sufuria kavu mpaka inukie, kisha iponde kwa chupa au kwa jiwe safi. Inapendeza kwenye maharagwe, kwenye nyama, kwenye viazi vitamu vilivyochomwa. Pilipili manga inaingia kwenye mayai, kwenye mchuzi wa mbuta, na hata kwenye chai ya usiku wa baridi. Atakayepitia Thimlich Ohinga kule Migori, ngome ya mawe yaliyopangwa bila saruji ambayo UNESCO iliitia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ataona kwamba watu wa hapa walikuwa na mawe yao ya kusagia karne nyingi kabla ya kinu cha umeme.

Pilipili kichaa haihitaji maelezo marefu. Punje kumi zinatosha, na kila mtu avunje yake kwenye sahani yake, maana watoto nao wanakula.

Sasa vilivyoachwa. Manjano ninayaacha kwa sababu kazi yake kubwa ni rangi, huungua upesi kwenye moto wa kuni usioweza kupunguzwa, na doa lake kwenye turubai la hema halitoki. Karafuu na mdalasini ni vya pilau, na pilau ya watu wanne kwenye jiko moja la meko ni kazi ya jioni nzima. Unga wa mchuzi wa pakiti ninauacha kwa moyo wote. Una chumvi yake na wanga wake wa kuufanya mchuzi mzito, na ukiutumia kila jioni, samaki wa Sori na nyama ya Ndhiwa vinakuwa na ladha moja. Anayetaka mchuzi mzito aponde njugu za hapahapa.

Kuhusu kubeba, maduka ya mitaani yameshalitatua tatizo. Zile pakiti za kadogo zinazoning'inia mbele ya duka zina kipimo kinachokaribia sana mahitaji ya safari moja. Chagua zenye punje, zitie kwenye vichupa vya dawa vilivyooshwa na kukaushwa kabisa, na uviweke mbali na jua na unyevu, hasa wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Usiku kila kitu kirudi ndani ya gari, kwani nyani wa Ruma hawahitaji kualikwa. Na kwa kuwa Lambwe ni bonde la mbung'o, usije na nguo za buluu au nyeusi. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo kwa sababu ndizo zinazowavuta.

Imebaki iliki, ambayo najua itazua ubishi. Kwa kanuni yangu haipiti, kwani kambini kazi yake ni chai peke yake na tangawizi imeshaichukua kazi hiyo. Asiyeweza kabisa kunywa chai bila iliki asibebe kichupa. Afiche punje sita ndani ya kopo la majani ya chai kabla ya kuondoka nyumbani. Siku tatu zitatosha majani kunukia iliki, na punje zenyewe zitatumika asubuhi ya mwisho.