Land Rover ya Zamani: Chagua Pine na Janti kwa Akili

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa jamaa unayesoma ukurasa huu jioni baada ya bukari, leo hatutaongea juu ya malaria wala juu ya kuchemsha maji. Leo tutaongea juu ya mapine. Utaniuliza: munganga na mapine, wapi na wapi? Sikia kwanza.

Siku moja, mwanzoni mwa mvua, walituletea kwenye dispanseri mzee mmoja wa pansioni. Mkono wake wa kuume ulikuwa umevunjika pahali pawili, na paji la uso lilikuwa limepasuka. Mzee huyu alifanya kazi miaka mingi chini ya udongo, akatoka mzima. Aliumia nyumbani kwake, chini ya mwembe, alipokuwa akitia upepo katika gurudumu la motokari yake ya zamani. Pete ya chuma ya janti iliruka. Nilipokuwa nikimfunga mkono aliniambia: «Munganga, mimi nilifikiri ni upepo tu.»

Upepo tu! Tufanye hesabu pamoja. Pine likiwa na kilo 2.5 za upepo, maana yake ni kwamba kila sentimita mraba ya ndani inasukumwa na kilo 2.5. Weka kiganja chako juu ya pine, pamoja na vidole. Tuseme kinafunika sentimita mraba 100. Pahali hapo padogo panasukumwa na kilo 250, ni kusema magunia kumi ya unga ya kilo 25. Sasa fikiri pine zima. Nguvu hiyo yote inangojea mlango wa kutokea. Usiwe wewe mbele ya mlango huo.

MOTOKARI HIZI NI ZIPI

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu Amsterdam mwaka 1948. Zile tunazoziita Series ziliendelea kutengenezwa mpaka 1985. Toyota Land Cruiser ya namba 40 ilianza 1960, ikaisha 1984. Ni motokari zenye nguvu, na fundi wa mtaani anazijua. Ndiyo maana wengi wetu, tukipata franga kidogo, tunanunua moja juu ya kuleta mahindi na makala kutoka shambani. Mashine inaweza kuwa nzima miaka 50. Mpira hauwezi. Kwa hiyo, kabla ya kupaka rangi, kabla ya kununua redio, tazama magurudumu.

SOMA UBAVU WA PINE

Pine lina karatasi yake ya utambulisho, kama wewe na mimi. Imeandikwa ubavuni.

Kwanza, ukubwa. Land Rover fupi ya inchi 88 ilitoka na mapine 6.00-16. Ile ndefu ya inchi 109 ilitoka na 7.50-16. Namba ya mwisho, 16, ni kipenyo cha janti kwa inchi, kutoka ukingo mpaka ukingo kwa kupita katikati. Siku hizi, pahali pa 7.50-16 watu wengi wanatia 235/85 R16, kwa sababu urefu wake ni karibu sawasawa, sentimita 80 hivi.

Wengine wanapenda kutia mapine makubwa kwenye Land Rover fupi, ipate kuonekana kama simba. Ujue kwamba 6.00-16 lina urefu wa karibu sentimita 73. Ukitia la sentimita 80, sindano ikionyesha 60, wewe unakwenda karibu 66. Freni zilezile ndogo zinalazimishwa kusimamisha gurudumu kubwa zaidi. Tena pine linaweza kugusa chuma unapokata kona. Mtoto anayevuka barabara hatazami kama motokari yako inafanana na simba.

Pili, uzito. Baada ya ukubwa utaona namba na herufi, kwa mfano 112 L. Namba 112 inasema pine moja linaweza kubeba kilo 1,120. Namba 100 inasema kilo 800 tu. Herufi L inasema usipite kilomita 120 kwa saa. Pine la motokari ya mjini linaweza kuingia kwenye janti yako, lakini siku utakapopakia magunia na shemeji zako wote, litakufa njiani, na pengine halitakufa peke yake.

Tatu, umri. Tafuta neno DOT, kisha soma namba nne za mwisho. Ukiona 2314, pine lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Ukiona namba tatu tu, lilizaliwa kabla ya mwaka 2000: liache kwa muuzaji. Watengenezaji wengi wanasema pine lisipite miaka 10, hata kama meno yake ni marefu. Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Pine la okazioni linapakwa dawa nyeusi, linang'aa kama kiatu cha siku ya mungu, lakini mpira ndani umekauka. Likunje kwa mkono, tazama kati ya meno na ubavuni. Ukiona nyufa ndogo kama za udongo wa kiangazi, rudisha. Usisahau pine la akiba: nalo linazeeka, hata kama halijagusa barabara.

MAPINE MANNE, NDUGU WANNE

Land Rover ya Series haina diferensiali ya katikati. Unapotia nguvu ya mbele, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanalazimishwa kuzunguka sawasawa. Kama ya mbele ni mafupi na ya nyuma ni marefu, vyuma vinapigana vyenyewe kwa vyenyewe, usukani unakuwa mzito, na boksi ya gia inavunjika. Kwa hiyo mapine yote manne yawe ya ukubwa mmoja. Na nguvu ya mbele uitie penye matope na mchanga, si penye lami kavu.

Tena kuna mapine ya aina mbili: radiali, yenye herufi R, na yale ya zamani ambayo nyuzi zake zinapishana, yenye kistari tu, kama 7.50-16. Usiyachanganye kwenye ekseli moja. Motokari itavuta upande, zaidi sana siku ya mvua. Ikiwa huna franga za kununua manne mara moja na una radiali mawili tu, yaende nyuma.

JANTI: HAPA NDIPO MIKONO INAVUNJIKA

Hesabu matundu. Land Rover ya Series ina buloni 5, Land Cruiser 40 ina 6. Janti isiyoingia yenyewe usiipanue tundu kwa tupa. Janti pana sana, inayotokea nje ya motokari, inachosha beringi na usukani.

Janti nyingi za zamani zimeungwa kwa riveti, nazo zilitengenezwa juu ya pine lenye mpira wa ndani. Usizitie bila mpira huo: upepo utatoka polepole, na pine linaweza kuchomoka kwenye ukingo. Ukinunua pine jipya, nunua na mpira wa ndani mpya wa namba ileile. Safisha kutu ndani ya janti kwa brosi ya chuma, paka rangi, ngoja ikauke.

Sasa sikiliza vizuri. Kuna janti za vipande. Nyingine zina pete ya kufungia pembeni, kama ile ya mzee wetu. Zimo kwenye kamio na kwenye Land Cruiser za zamani. Nyingine ni nusu mbili zilizofungwa pamoja kwa buloni. Juu ya hizo, shika amri hizi:

1. Kabla ya kufungua buloni yoyote inayounganisha vipande, toa upepo WOTE. Ng'oa sindano ya valvu, ngoja mpaka pakae kimya kabisa, pitisha waya kuhakikisha tundu halikuziba.
2. Pete iliyopinda, iliyopasuka au iliyoliwa na kutu haitengenezwi. Inatupwa.
3. Usipige pete kwa nyundo wakati pine lina upepo. Hata kidogo. Hata kama fundi anasema amefanya hivyo miaka 20.
4. Tia upepo gurudumu likiwa ndani ya kizimba cha chuma. Tumia mpira mrefu wenye kichwa kinachojishika chenyewe, na simama kando, si mbele.
5. Watoto wawe mbali. Wao ndio wa kwanza kusogea kutazama.

Huko Marekani sheria ya mwaka 1980 inakataza kazi hii kwa mfanyakazi ambaye hakufundishwa, na inataka kizimba kiwepo. Kama huna kizimba nyumbani, basi huna kazi hiyo nyumbani. Peleka kwa fundi mwenye nacho. Na yule anayemwaga petroli ndani ya pine na kuwasha moto lipate kukaa kwenye janti, mkimbie, na gurudumu lako ulichukue.

UPEPO NA BULONI

Pima upepo asubuhi, pine likiwa baridi. Kwa Land Rover ndefu yenye 7.50-16, mbele ni karibu kilo 1.7, nyuma, ukiwa na mzigo, karibu kilo 2.5. Penye matope unaweza kupunguza kidogo na kwenda polepole, lakini ukipunguza mno, pine litazunguka juu ya janti na kukata valvu ya mpira wa ndani. Ukifika barabara nzuri, rudisha upepo.

Buloni zikaze kwa kupishana, si kwa kufuata duara. Kitabu cha Series III kinataka karibu kilo-mita 10 hadi 12. Ukiisha kwenda kilomita 50, simama, kaza tena.

AKIUMIA MTU

Gandamiza jeraha kwa kitambaa safi, usiachie. Mkono uliovunjika uufunge juu ya ubao kama ulivyo, usiunyooshe. Aliyepigwa kichwani usimpe kinywaji, hata maji. Mlete upesi.

MAPINE YALIYOKUFA

Na wewe mama, mapine ya zamani yakitolewa, yasikae nyuma ya nyumba. Maji ya mvua yanayolala ndani yake ni kitanda cha mbu wanaoleta homa ya manjano, denge na chikungunya. Yatoboe, au yaweke chini ya paa. Usiyachome: moshi wake ni sumu kwa kifua cha mtoto.

Yule mzee alipona. Mkono haunyooki vizuri, lakini anashika kijiko. Juzi alipita mbele ya dispanseri na Land Rover yake, mapine manne ya ndugu mmoja, janti za kipande kimoja. Alisimama, akashuka, akanionyesha DOT kwa kidole, kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Nikainama, nikasoma, nikamwambia: «Baba, sasa enda salama.»

Na wewe, ndugu msomaji, kesho asubuhi kabla ya kuwasha mashine, inama usome.