Je, Wajua? Doa Lililobaki na Muwasho Ulioondoka

Je, wajua kwamba fangasi wa mba tunao sote? Wanaitwa Malassezia. Hukaa kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima, wakila mafuta yake, wala hawamsumbui. Joto na jasho vikizidi ndipo wanapostawi, na kisiwa cha Mombasa huwapa vyote viwili. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, mtu wa mtaa wa Kibokoni huoga, na kabla hajamaliza kuvaa keshalowa tena. Hapo madoa meupe huchipuka kifuani, shingoni na mgongoni.

Dawa ya kupaka huwamaliza fangasi hao kwa wiki chache, lakini doa hubaki kwa miezi, kwa kuwa walikuwa wamevuruga utengenezaji wa rangi ya ngozi. Mgonjwa akiliona doa palepale husema ameuziwa dawa bandia, akaenda kutafuta kali zaidi. Kumbe dawa ilishamaliza kazi yake. Doa lisilotoa unga ukilikwaruza linangoja rangi tu.

Na choa je? Huko mambo ni kinyume. Muwasho hupoa baada ya siku chache za kupaka dawa, duara linafifia, na tyubu inasahauliwa dirishani huku fangasi wangali hai ndani ya ngozi. Klotrimazoli, dawa ya fangasi, hupakwa mara mbili au tatu kwa siku, na huendelezwa wiki 2 zaidi baada ya ngozi kuonekana safi. Tena isiishie kwenye duara. Fangasi wa choa husonga kwenda nje, ndiyo maana katikati hupona kwanza. Basi paka hadi kwenye ngozi nzima inayolizunguka.

Klotrimazoli ilitoka katika maabara za Bayer, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Humzuia fangasi kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayoshikilia utando wa seli yake. Seli zetu hutumia kolesteroli badala yake, kwa hiyo dawa humdhuru yeye na kutuacha sisi. Kabla yake watu walipakwa marhamu ya Whitfield, daktari wa ngozi wa London: asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisili asilimia 3. Huchoma kidogo, lakini ni rahisi na inafanya kazi. Mwaka 1977 iliingia katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Je, wajua kwamba paka anaweza kukuletea choa? Fangasi aitwaye Microsporum canis huishi kwenye manyoya yake, wakati mwingine paka mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Mji wa Kale wa Mombasa una paka kila kichochoro, na watoto hawaachi kuwabeba. Sisemi wafukuzwe, panya nao wana yao. Ila mtoto akitokwa na punye kichwani, krimu haitamfaa, kwa sababu fangasi wameingia ndani ya nywele ambako krimu haifiki. Anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa, na hiyo ni kazi ya daktari.

Miguu nayo ina kisa chake. Anayetawadha mara tano kwa siku ana miguu safi kuliko wengi, lakini akivaa viatu vya kufunika kabla ya kufuta maji baina ya vidole, huwa amewafungia fangasi unyevu wautakao. Kitambaa kikavu kinatosha.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni zile krimu zenye dawa mbili tatu kwa pamoja. Nyingi zina steroidi. Hiyo hunyamazisha muwasho upesi, mgonjwa akaisifu, na huku inadhoofisha kinga ya ngozi. Choa hutambaa, hupoteza umbo lake la duara, hata daktari akashindwa kuitambua. Kwa hiyo kabla hujalipa dukani, soma boksi. Ukiona betamethasone au jina jingine linaloishia na “sone”, irudishe na uombe krimu ya fangasi peke yake.