Kilo 23 za Shosh

Pedali ya kushoto hufunguka kinyume. Ya kulia unazungusha vile umezoea, lakini hiyo ingine lazima uizungushe ka unaikaza, na kama hujachanuka utapigana na spana hadi che. Hivyo ndio usiku wangu wa mwisho Jersey City ulianza, nimepiga magoti kwa sakafu ya keja, baiskeli imelala chini ka mgonjwa. Nikatoa pedali, nikatoa gurudumu ya mbele, nikageuza usukani ukalala sambamba na fremu, nikapunguza upepo kwa tairi. Kila chuma nikaivalisha ile sponji ya kufunika mabomba ya maji, nikaifunga na tai za plastiki. Boxi haikunitoka doh. Duka za baiskeli huzitupa, we ingia tu uombe poa.

Nikapima: kilo 21. Nimeruhusiwa begi mbili, kila moja kilo 23. Baiskeli ishakula ya kwanza. Stori ilikuwa ya begi ya pili.

Mbogi yangu huku Kenya ilikuwa ishachora form kitambo. Wasee wanne, mabeshte tangu shule ya msingi, tuzunguke Mlima Kenya na baiskeli. Tung'oe nanga Nyeri, tupite Nanyuki, Timau, Meru, tuteremke Chuka hadi Embu, alafu Sagana, Karatina, turudi penye tulianzia. Zaidi ya kilomita 300, na mlima uko mkono wa kulia safari yote. Kwa grupu ya WhatsApp walitaka niland Alhamisi, Jumamosi tuwe barabarani. Mmoja akanishow begi ya pili nijaze tairi za spea, tyubu na jaketi za mvua, ju Timau baridi si ya mchezo, haswa Julai.

Nikawashow zii. Hiyo begi ni ya shosh. Na wiki ya kwanza pia ni yake.

Shosh yangu anaishi Othaya, ndani ya majani chai, na nilikuwa sijamcheki miaka nne. Simu ya video inasaidia, lakini anaishikanga karibu sana hadi unaona paji la uso na kitambaa cha kichwa peke yake. Kwa begi nikaweka mashine ya kupima presha, ndula zenye soli laini ju miguu humfura, sweta mbili, miwani ya kusomea Biblia, mafuta ya kujipaka na taa ya sola yenye kishikio. Nilipima, nikatoa, nikarudisha. Sweta moja ikinitoa kwa mstari, naikunja nakaa nayo mkononi. Mi sioni ka kuna begi nishawahi panga kwa roho safi hivyo.

Hapa wacha niseme venye baiskeli ilinipata. Agosti 2022, Sule Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, alianguka kwa mashindano ya Vermont Overland akaaga. Alikuwa na miaka 33. Msee wa kwetu, amekufia huko majuu, masaa machache ya gari kutoka penye mimi nilikuwa nalala. Nilikuwa nimemjua kwa simu tu, nacheki video zake nikitoka job. Wiki hiyo nilikaa kimya sana. Mwezi uliofuata nikanunua baiskeli ya mitumba, na mbio ya kwanza nilienda peke yangu kando ya mto Hudson, nikasimama njiani nikalia. Sijawahi elezea mbogi hiyo kitu vizuri. Wakisoma hapa watajua.

Ndege sasa. Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla ya hapo ilikuwa lazima ushuke pahali katikati, Ulaya ama Uarabuni, ulale kwa kiti cha chuma ukikumbatia begi. Siku hizi unaketi masaa ka 14, unaamka nyumbani. Ni ile Dreamliner, Boeing 787. Dirisha zake hazina pazia. Unafinya kibonye glasi inageuka samawati polepole hadi jua linakuwa ka mwezi. Na kuna kitu msee wa baiskeli anafaa kujua: hewa ndani ya hiyo ndege huwekwa ka uko urefu wa mita 1,800 hivi, wakati ndege zingine nyingi huipeleka hadi karibu 2,400. Mita 1,800 si mbali na Nairobi. Mimi hukaanga chini kabisa kando ya bahari, kwa hivyo mapafu yalianza kuonja nyumbani tukiwa bado juu ya Atlantiki.

Miguu ndio ya kuchunga. Ukikaa masaa hayo yote bila kusonga, damu inaweza kuganda kwa mguu, na hiyo si stori ya kutisha watoi, inauanga watu. Nilivaa soksi za kubana hadi goti, nikanywa maji mob, na kila baada ya masaa mawili nikaenda nyuma karibu na choo kuinuka na vidole. Nikapata mathe mmoja huko amefunga leso kiunoni, naye anafanya vile vile, ameshika ukuta. Hatukubonga sana. Aliniuliza tu, "Unaenda kwa nani?" Si "wapi", ni "kwa nani". Nikamjibu kwa shosh. Akatingisha kichwa ka mtu ameambiwa jibu sawa, akaendelea kuinuka na kushuka.

JKIA, binamu alikuwa ananingoja na Probox. Boxi ikaingia nyuma, viti vimelazwa, mimi nikakunjwa kando yake. Thika Road, Kenol, Sagana, Karatina. Lami ya kutoka Kenol imekuwa pana vibaya, sikuitambua. Nilidoz, nikaamshwa na harufu ya moshi wa kuni na majani mabichi, nikajua tumefika kabla nifungue macho.

Shosh hakukimbia, hawezi. Alisimama kwa mlango akangoja nimfikie, akashika uso wangu na mikono miwili. "Mzee wangu," akasema. Mimi ndio niliitwa jina la guka, kwa hivyo tangu nizaliwe hiyo ndio jina yangu kwake, mzee wangu, hata nikiwa na kamasi. Akaongeza nimekonda. Nikampea begi. Ndula alizivaa hapo hapo, akatembea hadi kwa ng'ombe na kurudi, bila kusema kitu, akaketi.

Watu husema uchovu wa masaa ya ndege ni ngori, na ni ukweli, lakini kwa shosh ulinibless. Julai, Kenya iko mbele ya New York na masaa saba. Saa kumi za usiku Othaya ni saa tatu za usiku Jersey, macho yangu yamewaka taa. Na saa kumi ndio shosh huamkanga kuwasha moto. Kwa hivyo kila siku, wakati nyumba yote imelala, tulikuwa wawili jikoni, chai ya maziwa imeanza kuinuka kwa sufuria, nje giza na ukungu. Mchana kuna wageni, kuna majirani, kuna kuchuna chai. Saa kumi za usiku kulikuwa na mimi na yeye tu. Hizo stori zote nimebeba sai zilitoka hapo. Ningeland Alhamisi nikawasha Jumamosi, ningezipatia wapi?

Siku ya nne akaniuliza kwa nini nimekam na baiskeli kutoka majuu na ya guka iko kwa stoo. Nikachukua taa ya sola tukaenda. Ilikuwa imening'inizwa kwa misumari miwili nyuma ya magunia ya mahindi. Mamba yenyewe, nyeusi, breki za vyuma hakuna waya, kiti cha ngozi kimepasuka, keria pana ya kubebea mitungi ya maziwa. Kando ya gurudumu, dinamo ndogo ka chupa, ile ya kusuguana na tairi ndio taa ya mbele iwake. Nikazungusha gurudumu na mkono. Haikuwaka.

"Hiyo taa," akasema, "ilikuwa inazima kwa kila mlima."

Alafu akanipigia stori. Usiku ule uchungu wa kumzaa buda yangu ulimshika, hakukuwa na gari. Guka alimweka kwa keria, amekalia gunia iliyokunjwa, ameshika kiti na mikono miwili, wakaenda hospitali. Kwa mteremko guka anapanda baiskeli, dinamo inaimba, taa inaonyesha barabara yote. Wakifika mlima anashuka anasukuma, na vile gurudumu inazunguka pole, taa inafifia hadi giza. Guka haoni barabara na pia haoni kama shosh bado yuko sawa huko nyuma. Kwa hivyo shosh alikuwa anahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, hadi juu. Akifika juu ananyamaza, guka anajua wamemaliza mlima, anapanda, taa inarudi. Buda alizaliwa asubuhi. Mi nilikuwa na miaka 27 na sijawahi sikia hiyo kitu, na nadhani buda mwenyewe hajaisikia.

Hizo siku nilikuwa nazungusha baiskeli polepole tu, hadi Othaya mjini na kurudi. Siku ya kwanza moyo ulipiga ngoma kwa kamlima kadogo kabisa. Siku ya sita nilipanda hako kamlima nikibonga. Mwili ulikuwa umefika.

Mbogi ilikam Ijumaa jioni, wakalala sebuleni, wakamanga mukimo hadi sufuria ikalia. Shosh akawahoji breki moja moja. Anasikizanga redio sana, na alitaka tumwapie kitu moja: daraja ya Nithi, kabla tufike Chuka, tushuke tutembee. Ni hapo basi lilitumbukia mtoni Julai 2022, zaidi ya watu 30 wakaaga. Mteremko wake ni mrefu na umejikunja. Tukaapa wote wanne, na hakuna mwenye alicheka.

Asubuhi, saa kumi na moja na nusu, bado giza. Shosh akanipatia nduma zimefungwa kwa kitambaa, na kamba ya mpira ile guka alikata kwa tyubu kufungia mitungi. Aliivuta mara mbili acheki ka bado ina nguvu, akaifunga mwenyewe nyuma ya kiti changu, fundo tatu. Vidole vyake vilichukua muda. Nikangoja. Hakuna mtu wa mbogi aliangalia saa.

Tukatoka kwa geti tukaanza kupanda ule mlima wa kwanza wa kuelekea barabara kuu. Nikageuka. Alikuwa amesimama nje na taa ya sola, ameinua mkono juu ya kichwa. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, hadi tukafika juu.